Sauti ya Pili Kutoka Chumba cha Ndani

Kwa miaka minne tulikuwa watu watatu kwenye kompyuta moja, katika chumba cha mabati huko Kawangware, nyuma ya duka la chakula cha kuku. Mimi nilitengeneza vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu juu, tarehe mbili chini yake, ratiba ya ibada, wasifu, shukrani za familia. Mwenzangu wa pili alikuwa mama wa Gatwekera, kule Kibera, aliyechora beji za sweta za shule, kisha mashine yake ya kudarizi ikazishona. Wa tatu alikuwa seremala wa miaka sitini na kitu, ambaye pia alifundisha kwaya katika kanisa dogo la Kibera. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata wateja waliokuja kununua vitanda.

Ploti ilikuwa ya bibi mmoja aliyezaliwa papo hapo, wakati Kawangware ilikuwa mashamba. Tulimwita Shosho, yaani nyanya, kama kila mpangaji. Siku tuliyohamia alisimama mlangoni na fimbo yake, akatutazama mmoja mmoja, akatazama na kompyuta.

"Watu watatu, kioo kimoja. Mmoja akiangalia kazi yake, wengine wanaangalia nini?"

"Tunaangaliana, Shosho," mama wa beji akamjibu.

"Haya. Mkichoka kuangaliana mniambie mapema, nitafute mtu wa kinyozi."

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, na ilitumia Linux, kwa sababu Linux ni ya bure na kijana fundi aliyetuwekea hakuamini kitu kingine. Lakini kila mmoja wetu alihitaji programu ambayo Linux haikuikubali: mimi ya kupanga kurasa, mama ya kudarizi, Mwalimu ya kuandika muziki. Kwa hiyo yule fundi alitujengea kompyuta ya pili ndani ya ile ya kwanza. Unaifungua kama unavyofungua faili, na kwenye skrini inatokea kompyuta nyingine nzima, yenye mfumo wake, programu zake, hata saa yake. Vitabuni inaitwa mashine pepe. Sisi tuliiita chumba cha ndani.

Huku nje kila mtu alikuwa na jina lake na neno lake la siri. Chumba cha ndani kilikuwa kimoja, chetu sote, na mwanzoni kilitugombanisha. Mama akikifungua asubuhi, kila kilichoandikwa humo kilihesabiwa kuwa chake. Mimi nikija saa sita naambiwa sina ruhusa.

"Umenifungia nje tena."

"Si mimi, ni hii kitu yako haijui watu," alisema bila kuinua macho kwenye uzi.

Fundi alirudi akatuweka sote katika kundi moja, akaamuru kwamba lolote litakalozaliwa ndani ya folda ile liwe la kundi, si la aliyelizaa. Mwalimu alifurahi sana alipoelezwa. "Kumbe ni kama mtoto wa ploti," alisema. "Mama yeyote anaweza kumchapa."

Fundi alitufundisha mambo mawili ya mwisho, kisha akapata kazi Mombasa na hatukumwona tena. Mambo yenyewe nitayaeleza polepole, kwa sababu ndiyo yaliyoniharibia.

La kwanza: ukimaliza zamu yako usizime chumba cha ndani. Chagua kuhifadhi hali. Chumba kinaganda vilevile kilivyo, madirisha wazi, neno nusu, mshale palepale ulipouacha, na siku ya pili kinaamka hapo. La pili: programu yangu ya kurasa ilikuwa ya majaribio, ya siku thelathini. Zikiisha, inajifunga. Kwa hiyo fundi alikuwa amechukua picha ya chumba kizima siku ya kwanza, kikiwa safi, na kila siku thelathini zikikaribia kuisha tulikirudisha kwenye ile picha. Chumba kiliamka kikiamini kwamba leo ndiyo ile siku ya kwanza, na programu ikaanza kuhesabu upya. Chochote tulichokifanya humo katikati kilifutika. Ndiyo maana kabla ya kurudisha, kila mmoja alitakiwa kutoa kazi zake na kuziweka nje, kwenye folda tuliyoiita Stoo, kisha aweke alama ya vema kwenye daftari lililoning'inia ukutani kwa kamba. Vema tatu, narudisha. Nafasi ya kuchukua picha nyingine hatukuwa nayo. Diski ilikuwa imejaa beji na marehemu.

Kazi ya kurudisha ilikuwa yangu. Niliiomba mwenyewe. Mimi ni mtu wa kuhama. Nimekaa Mashimoni, nimekaa Gatwekera mara mbili kwenye milango miwili inayotazamana, nimeenda Kitale nikarudi, Nakuru nikarudi, na wakati huo nilikuwa Soweto West, kulekule Kibera. Ndani ya kopo la majani ya chai nina funguo sita za milango ambayo si yangu tena. Kila mahali nikifika naanza kupakumbuka nilipotoka. Kwa hiyo nilipenda kukaa pale na kuona chumba kinarudi: ile picha ya milima ya bluu, skrini isiyo na faili hata moja, na tarehe ya siku ile tuliyohamia, siku Mwalimu alipoleta kiti alichotuundia na mama akamwambia kimeelemea upande.

"Hakijaelemea, sakafu ya Shosho ndiyo imeelemea," Mwalimu alimjibu, na wakabishana mpaka chai ikapoa.

Mama alikuwa na asubuhi, mimi mchana, Mwalimu alikuja saa kumi akitoka kuweka randa chini, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mimi sikuwa na haraka ya kwenda popote, kwa hiyo nilibaki kwenye benchi nikikunja vijitabu huku yeye akiandika nyimbo.

Za kanisani aliziandika haraka. Kulikuwa na mmoja tu aliokwenda nao polepole, mwaka wote ule wa mwisho. Ulikuwa wimbo wa mama yake, wa kupepeta wimbi, kule kwao magharibi. Mama yake aliuimba peke yake uani. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nao, kijiji kizima. Mwalimu alikuwa na dada mmoja, Soweto West si mbali na kwangu, lakini dada yake alisema umemtoka. Ulibaki kichwani mwa mzee mmoja ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limeshafunga na la kulia lilikuwa linafuata.

"Nataka niusikie una sauti zote nne," aliniambia. "Mara moja tu, kabla sikio hili halijaziba. Halafu niwape kwaya. Mama aliuimba peke yake maisha yake yote, kijana."

Aliniita kijana. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu.

Karatasi hakuziamini. Wazo likimjia karakanani aliliandika kwa penseli ya useremala juu ya kipande cha mbao kilichokuwa karibu, na jioni akina mama wa chapati walikuja kuokota vipande vya kuwashia moto. Kwa hiyo wimbo ulikuwa kichwani mwake na ndani ya chumba cha ndani, basi.

Sauti ya pili ndiyo iliyomtesa. Ya kwanza aliijua tangu utotoni, hakuwa na haja ya kuisikia, kwa hiyo aliizima na kuicheza ile ya pili peke yake kwenye spika ndogo, sikio la kulia likiwa karibu kuigusa. Inapanda kidogo, inashuka, inakaa pale pale kama mtu anayesubiri mlangoni, inashuka tena. Anatikisa kichwa, anahamisha noti moja, anaanza upya. Mimi nakunja vijitabu. Siku baada ya siku, sauti ya pili.

"Mwalimu, hiyo imetuingia hadi kwa uji," mama alimwambia siku moja alipochelewa kuondoka. "Jana nimeshika mtoto wa jirani akiimba hiyo."

"Aliimba vizuri?"

"Aliimba vibaya."

"Basi hata yeye hajapata hiyo sehemu ya katikati."

Sasa, Mwalimu hakuwa na tabia ya kuhifadhi faili. Aliandika, kisha akachagua kuhifadhi hali, akaenda. Alipenda kurudi na kukuta mshale umelala juu ya noti ileile. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, kwa sababu menyu zilimchosha macho. Kila mwezi, siku ya kurudisha, nilikaa naye nikamtolea wimbo nikauweka Stoo. Halafu alihama nao tena kuingia ndani, na mara mbili nilimkuta ameufuta ule wa Stoo ili, kwa maneno yake, usibaki wa uongo ukamchanganya na wa kweli. Nilicheka. Nilimwambia siku moja utalia, Mwalimu.

Mwezi ule hakuja Jumatano. Alhamisi hakuja. Ijumaa asubuhi siku thelathini zilikuwa zimeisha na programu yangu ikajifunga, na kwenye benchi waliketi ndugu wawili na shangazi yao, waliotaka kijitabu cha baba yao kabla ya saa tisa, kwa sababu saa tisa walikuwa wanaondoka na mwili kwenda nyumbani.

Nilifungua daftari. Vema ya mama ilikuwepo, yangu nikaiweka. Ya Mwalimu haikuwepo.

"Mwalimu hajatoa vitu vyake," mama alisema.

"Simu yake imezimwa. Nimepiga tangu jana."

"Basi ngoja."

"Nitangojaje na hawa watu wana maiti?"

"Basi ingia umtolee. Si mwezi uliopita ni wewe ulimtolea?"

Alikuwa anasema kweli. Ningeamsha chumba kutoka hali iliyohifadhiwa, dirisha la Mwalimu bado wazi, ningehifadhi wimbo, ningeutoa nje. Kompyuta yetu ilikuwa nzito, ingechukua dakika kumi, pengine kumi na tano. Lakini shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu akishika picha ya marehemu kwa mikono miwili, na mimi nilijiambia jambo ambalo lilisikika kama heshima.

"Siwezi kuingia kwa vitu vya mtu kama hayupo," nilimjibu mama.

Akazima mashine yake ya kudarizi. "Kutoa huwezi, kwa sababu ni vitu vya mtu. Lakini kutupa unaweza?"

Nilivuta kibodi karibu. Nilijiambia atakuwa ametoa mwenyewe na kusahau alama. Skrini iliniuliza kwa upole kama nina hakika, kwamba hali iliyohifadhiwa itapotea. Nikabonyeza ndiyo. Milima ya bluu ikatokea. Kijitabu kilikuwa tayari saa saba na nusu, na shangazi alinishika mkono akanibariki.

Jioni nilitazama Stoo. Zilikuwemo nyimbo zake zote za kanisani, basi.

Jumapili ndipo tulipopata habari. Kiharusi kilimwangusha Jumatano karakanani, randa mkononi, na tangu siku hiyo alikuwa amelazwa. Nilikwenda kumwona nikiwa na machungwa. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umelala juu ya blanketi kama si wake. Alinitambua. Maneno hayakutoka. Sikumwambia, nikajipa sababu kwamba si mahali pake, kuna wagonjwa.

Baada ya wiki sita alikuja mwenyewe, saa kumi kama zamani, dada yake amemshika kwapani. Shosho alimwona kutoka kibarazani akainuka, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu. Tulimkalisha kwenye kile kiti chake. Neno lake la siri lilikuwa na herufi nane; kwa mkono wa kushoto alilitafuta herufi kwa herufi, na sisi wote tukawa tunatazama pembeni ili tusilijue.

Akafungua chumba cha ndani. Kilikuwa safi. Akafungua programu ya muziki, nayo ikamwonyesha ukurasa mtupu. Akaifunga, akaifungua tena. Akatafuta kwenye Stoo, taratibu, jina baada ya jina. Kisha akanigeukia, akangoja.

"Mwalimu, nilirudisha," nilisema. "Hukuwa umeweka alama, nami nilijua. Kulikuwa na familia inangoja. Niliona ni kazi nyingi kukutolea."

Hakukasirika, au kama alikasirika uso wake haukuwa tena na njia ya kuonyesha. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya ile spika ndogo na kukiacha hapo, kama mtu anayepima joto la mtoto. Mama alikuwa amegeukia ukuta. Mwishowe Mwalimu alinyoosha mkono akavuta daftari kwa kamba yake, akatafuta mstari wa mwezi ule, akachukua kalamu. Kwenye nafasi yake iliyokuwa tupu akaweka vema. Ilikuwa mbaya, imepinda, kubwa kuliko nafasi yenyewe. Kana kwamba alikuwa ametoa kila kitu, na mimi nilirudisha kwa haki.

Nilimwomba tujaribu. Angeniimbia, mimi ningeweka noti. Tulijaribu alasiri tatu. Alifumba macho, na kwa uso wake niliona wimbo upo, unapita wote, unapanda na kushuka mahali pake. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa moja tu, ndefu, isiyopanda wala kushuka. Yeye mwenyewe aliisikia. Alasiri ya tatu alinisukumia kibodi, na dada yake akamwinua.

Alifariki kabla ya mvua za masika. Kijitabu chake nilikitengeneza mimi, mara tu baada ya kurudisha. Ndani ya chumba kile faili yake ilijiandika tarehe ileile ya siku zote, ile siku ya kiti. Kwaya iliimba nyimbo zake tano. Niliwapangia orodha, na chini ya wa tano nikaacha nafasi ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nini.

Kilichobaki kilikuwa masikioni mwangu. Mimi si mtu wa muziki, lakini nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile mwaka mzima. Jumamosi moja mchana nilikwenda mazoezini kanisani nikawaambia wanakwaya kwamba mwalimu wao aliacha wimbo mmoja na mimi ninao. Niliuimba kwa mdomo uliofungwa, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea mahali, hata pale katikati. Nilipomaliza, mama mmoja wa mstari wa mbele alinitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, hiyo ni sauti ya pili. Wimbo wenyewe uko wapi?"

Sikuwa nao. Mwalimu alikuwa ameuzima ili aisikie ya pili vizuri.

Nilikwenda kwa dada yake. Nilimkuta mlangoni pake anafua, povu hadi viwikoni. Nilimweleza, akaniambia yeye alishasahau, kaka yake alijua hivyo, nisimsumbue. Nikamwomba asikilize tu. Nikaanza. Aliendelea kufua. Nilipofika pale sauti ya pili inaposimama kusubiri, mikono yake ilipungua kasi, na kutoka kooni mwake, juu ya sauti yangu, ikatoka nyingine, nyembamba, yenye maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa. Mstari mmoja. Kwa muda wa mstari huo nilisikia sauti mbili pamoja, na nikaelewa ni kwa nini Mwalimu alihangaika na ile noti ya katikati. Kisha akanyamaza.

"Hapo mama alikuwa anageuza ungo," alisema. "Baada ya hapo sijui."

"Jaribu tena, dada."

Alijaribu. Mstari uleule, ukakatika palepale. Alikung'uta povu, akatazama maji.

"Kuja Jumapili. Labda utarudi."

Tangu kijitabu cha Mwalimu, chumba cha ndani sijakirudisha tena. Programu yangu ilijifunga na nikaiacha ijifunge. Vijitabu nafanya kwa programu ya Linux yenyewe, havipendezi sana. Mama anafungua kule ndani kuchora beji zake. Saa kumi hakuna anayekaa kwenye kile kiti. Soweto West sijahama, na watu wanaonijua wanashangaa. Jumapili baada ya kanisa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni kwa dada yake Mwalimu na kuanza sauti ya pili, naye ananingoja pale katikati, anaingia, tunaimba mstari wetu mmoja. Mwaka umepita. Ungo haujageuka bado.